Gharika ya Nuhu ilifunika dunia nzima kweli? Naomba hesabu, si mabishano

BintiSabaki (Malindi)

Hamjambo wote. Swali hili nalielekeza kwa wanaojua mawe, vyombo vya baharini na Maandiko. Vijana wa darasa la Biblia hapa Malindi wanauliza kama gharika ya Mwanzo 6 hadi 9 ilitokea neno kwa neno: maji yakapita juu ya milima yote, wanyama wa kila aina wakaingia safina moja, vilivyobaki vyote vikafa. Wanaoshikilia kuwa ndivyo ilivyokuwa huleta hoja nne, nami naomba kila moja ipimwe.

Wanasema mawe ya nchi kavu kuanzia Watamu mpaka huku Malindi yamejaa makombe na matumbawe, kwa hiyo bahari iliwahi kupanda. Wanasema korongo la Nyari kule Marafa, na matabaka yake ya rangi rangi, lilichimbwa na maji ya gharika. Wanasema wataalamu wamegundua bahari kubwa chini ya ardhi, basi maji ya kutosha yapo. Na wanasema safina yenyewe ilishaonekana Uturuki. Picha zake zinazunguka WhatsApp kila mwaka.

Mimi ni muumini. Sitaki kumvunja mtu imani, na wala sitaki kumfundisha mtoto jambo litakalomporomokea mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Ndiyo maana naomba hesabu.

---

JiwePwani (Malindi)

Dada, ushahidi wa hoja ya kwanza uko karibu nawe, na unasema kinyume cha wanavyodai.

Nenda Watamu maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, utazame yale majabali yaliyoliwa chini na mawimbi. Hilo ni jiwe la matumbawe. Usiishie kusema "kuna makombe", tazama yamekaaje. Matumbawe mengi yamesimama vile vile yalivyoota: tako chini, kichwa juu, moja limeota juu ya mwenzake aliyekufa, na ndani yake mna matundu ya chaza na minyoo waliotoboa wakati jiwe lilikuwa bado majini. Mafuriko hayajengi hivyo. Maji yanayokwenda kwa nguvu huvunja, huviringisha, kisha hupanga mzigo kwa uzito: kokoto chini, mchanga juu yake, tope mwisho. Ukikuta mwamba umesimama kichwa juu, ujue uliota papo hapo, polepole, kwenye maji ya kina kifupi yanayofikiwa na jua.

Umri wake haukisiwi. Tumbawe likijenga mifupa yake huchukua urani kutoka maji ya bahari, lakini thoriamu huichukua kwa kiasi kidogo sana. Urani ile huoza ikawa thoriamu-230 kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo kadiri thoriamu ilivyozidi ndani ya jiwe ndivyo jiwe lilivyo la zamani. Njia hiyo hufanya kazi mpaka karibu miaka 500,000 nyuma. Jiwe changa la pwani yetu hurejea kwenye kipindi cha miaka 125,000 hivi iliyopita, wakati barafu ya ncha za dunia ilikuwa pungufu na bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo. Ndiyo sababu matumbawe yako nchi kavu. Bahari ilipanda mita chache, ikakaa maelfu ya miaka, mwamba ukaota, kisha ikashuka.

Kwa anayedai kuwa mwamba wote huo ulijengeka baada ya Nuhu, kuna tundu lililotobolewa kisiwani Enewetak, bahari ya Pasifiki, mwaka 1952. Chombo kilipita mita 1,400 hivi za jiwe la matumbawe kabla ya kugonga mwamba wa volkano. Upe mwamba huo ukuaji wa sentimita 1 kila mwaka, kiwango cha ukarimu sana, na bado unahitaji miaka 140,000.

Nyari haina fumbo. Ule ni mchanga laini uliogandamana, rangi zake ni kutu ya chuma kwa viwango tofauti, na anayechimba ni mvua. Kingo zake zinaendelea kumong'onyoka kila masika mpaka leo. Korongo ambalo bado linachimbwa halihitaji gharika ya kulianzisha.

Kuna ushahidi mwingine ambao watu wa Gongoni na Marereni wanaujua kwa mikono yao, nao ni chumvi. Maji ya bahari yana kilo 35 hivi za chumvi kwa kila mita moja ya ujazo. Ukikausha maji ya kina cha mita 1 unabaki na tabaka la sentimita 1.6 tu. Sasa chini ya bahari ya Mediterania kuna chumvi ambayo mahali pengine unene wake unazidi kilomita 1, na juu yake kuna matabaka ya udongo wa bahari. Ili kupata kilomita 1 ya chumvi unahitaji kukausha maji ya kina cha kilomita 60 hivi, yaani kujaza na kukausha, kujaza na kukausha, mara nyingi sana. Kila mwenye mashamba ya chumvi anajua kwamba mvua moja kubwa ikiingia, kazi ya wiki nzima inayeyuka. Chumvi ile haiwezi kuwa ilijilaza katikati ya gharika. Hoja hii ni nzito kuliko ya makombe, ila watu huisahau.

---

HesabuTu (Malindi)

Naongezea maji yenyewe.

Uso wa dunia ni kilomita za mraba milioni 510. Mlima Everest una mita 8,849. Kufikisha maji juu yake kunahitaji, ukishatoa nafasi iliyokwisha kujazwa na mabara, zaidi ya kilomita za ujazo bilioni 4 za maji ya nyongeza. Maji yote ya dunia, ukijumlisha bahari, barafu, mito na visima, ni bilioni 1.386. Kwa hiyo tunatafuta maji mengine mara tatu ya haya yote tuliyo nayo, kisha tuyapeleke mahali pengine baada ya miezi michache. Barafu yote ikiyeyuka, bahari itapanda mita 70 hivi. Mji wa Lamu utazama, na Malindi hali kadhalika, lakini milima ya Taita haitalowa nyayo.

Mvua? Mita 8,800 kwa siku 40 ni mita 220 kwa siku, yaani sentimita 15 kila dakika. Malindi hupata kama mita 1 ya mvua kwa mwaka. Hiyo ya mwaka mzima ingemwagika kila baada ya dakika saba, usiku na mchana, kwa siku 40.

Baadhi ya walimu hufundisha kuwa juu angani kulikuwa na utando wa mvuke uliodondoka wote. Mvuke wote ulio hewani leo ukigeuka mvua unafanya sentimita 2.5 hivi. Uongeze mpaka mita 10 tu za mvua, na tayari umeongeza kanieneo ya hewa mara mbili. Lililo baya zaidi ni joto. Kila kilo ya mvuke ikigeuka maji hutoa megajuli 2.5. Mita 10 za mvua ni kilo 10,000 juu ya kila mita ya mraba, na joto lake likigawanywa kwa siku 40 ni kama kilowati 7 kwa kila mita ya mraba, bila kukoma. Jua la saa sita mchana ufuoni ni kilowati 1. Nuhu angepikwa na mita 10 za kwanza, na tunazozitafuta ni 8,800.

Bahari ya chini ya ardhi: habari hiyo ilienea mwaka 2014, almasi moja kutoka Brazili ilipokutwa na chembe ya jiwe liitwalo ringwodaiti lenye maji kama asilimia 1.5 ya uzito wake. Jiwe hilo hupatikana kina cha kilomita 520 hadi 660 hivi. Ila maji hayo yamefungwa ndani ya fuwele, hayachuruziki, hakuna pango lenye bahari. Mahali hapo joto linazidi digrii 1,400. Ukiyatoa hayo kwa mwaka mmoja hutapata gharika ya maji, utapata mvuke na ujiuji wa mawe.

---

FundiWaMatondoni (Lamu)

Assalamu aleikum. Nitaongea juu ya safina kama chombo, mengine nawaachia wenyewe.

Dhiraa moja ni sentimita 45 hivi. Dhiraa 300 kwa 50 kwa 30 ni mita 135 urefu, 22.5 upana, 13.5 kwenda juu. Vipimo hivyo kwa uwiano si vibaya. Urefu mara sita ya upana, chombo hakipinduki kirahisi. Wanaosema safina ilikuwa imara wako sawa hapo, lakini wamepima kupinduka tu. Kinachoua chombo kirefu cha mbao ni kuvunjika mgongo.

Wimbi likiwa katikati, tumbo linainuliwa, omo (mbele) na tezi (nyuma) zinaning'inia. Wimbi likisogea, omo na tezi zinabebwa, tumbo linalala. Hivyo hivyo kila wimbi. Hakuna mti unaotoa ubao wa mita 135. Ukipata ubao wa mita 9 ulionyooka umebahatika, kwa hiyo kila mstari wa mbao kutoka omo hadi tezi una viungo kama 15. Kila kiungo kinacheza kidogo, na misumari inapanua tundu lake. Mianya ya mbao inafunguka na kufunga, pamba ya kalfati, ile ya kuzibia mianya, inasukumwa nje, maji yanaingia. Chombo cha mita 15 au 20 mataruma (mbavu za chombo) na mkuku (uti wake wa chini) vinahimili mchezo huo, na bado kila mwaka unakipandisha pwani ukitie kalfati upya, upake sifa (mafuta ya papa) ndani na shahamu na chokaa chini. Hata lami haiponyi. Lami inaziba, haishikilii.

Mfano wa kweli upo. Meli Wyoming iliundwa Bath, jimbo la Maine, Marekani, mwaka 1909. Milingoti sita, mwili mita 100 hivi, na ubavu umefungwa mikanda ya chuma ya mshazari kuzuia kupinda. Waliokuwa wakiiunda walikuwa mafundi wakubwa wenye vyuma na mashine. Bado ilipinda, ikavuja, ikahitaji pampu zisaidiwe na injini ya mvuke. Mwaka 1924 ilizama kwenye dhoruba pwani ya Massachusetts na mabaharia wake wote. Safina ni ndefu kuliko hiyo kwa mita 35, bila chuma na bila pampu.

Wahenga walisema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, basi tuingie ngamani, chini kabisa ya chombo ambako maji hukusanyika. Chombo hicho kikizama nusu ya kimo chake, eneo linaloguswa na maji ni mita za mraba 5,100 na zaidi. Mbao za upana wa sentimita 30 zinakupa mianya yenye jumla ya kilomita 17. Tuseme kalfati ni nzuri sana na kila mita ya mwanya inavuja lita 1 tu kwa saa. Hizo ni lita 17,000 kwa saa. Kwa ndoo ya lita 15 ni ndoo 1,100 na ushee, watu ni wanane, kila mmoja ndoo 140 kwa saa, zaidi ya mbili kila dakika, kuzipandisha zaidi ya mita 10, saa 24, miezi na miezi. Nani atawapa wanyama maji?

Tena ndovu mmoja hula kilo 150 hivi za majani kwa siku. Wawili, kwa mwaka na siku kumi ambazo Mwanzo inazihesabu, ni tani 110 za majani. Hao ni ndovu tu. Majani makavu kwenye chombo chenye unyevu, mlango mmoja na tundu la dhiraa moja juu, huota ukungu na huchemka yenyewe mpaka kushika moto. Kila nahodha aliyewahi kupakia majani anaogopa hilo.

Kwa upande wetu Waislamu, Qur'ani haikutaja vipimo. Inasema chombo cha mbao na misumari (54:13), kikatua juu ya Judi (11:44), na kwamba Nabii Nuhu alitumwa kwa watu wake (71:1). Wafasiri wamekhitilafiana kama tufani ilienea ardhi yote au nchi ya kaumu ile. Anayesema ilikuwa ya nchi moja hajatoka nje ya kauli za wanavyuoni.

---

BintiSabaki (Malindi)

Ahsanteni sana, fundi na wenzako. Nimeshapelekewa majibu mawili ya upande wa pili. La kwanza, milima wakati ule ilikuwa mifupi, ikainuka baada ya gharika. La pili, Nuhu hakubeba kila spishi bali "jinsi" tu, mfano paka wawili wa mwanzo ambao baadaye wakazaa simba, chui na duma. Na ile picha ya Uturuki hakuna aliyeigusa.

---

HesabuTu (Malindi)

Milima mifupi inapunguza maji lakini inaleta tatizo jingine. Himalaya ikiinuka kilomita 8 ndani ya miaka 300, hiyo ni mita 27 kwa mwaka. Leo huinuka kiasi cha sentimita 1 au pungufu, na kwa mwendo huo mdogo tayari Nepali ina matetemeko yanayoua maelfu, kama la mwaka 2015. Zidisha mara 2,700 halafu uniambie nani alijenga Babeli juu ya ardhi hiyo. Na Mwanzo 8 yenyewe inataja milima ya Ararati ikiwapo tayari wakati maji yanapungua.

Paka wawili: wanaopinga mageuzi ya viumbe wanajikuta wanayahitaji kwa kasi ambayo hakuna mwanabiolojia aliyewahi kuithubutu. Halafu kila mnyama aliyetokana na jozi moja miaka 4,000 na kitu iliyopita angebeba alama hiyo kwenye vinasaba vyake. Duma anayo alama ya namna hiyo, alipungua sana kama miaka 10,000 hivi iliyopita, na inaonekana wazi kabisa. Kama gharika ilipita, wanyama wote wangekuwa nayo, na ya tarehe moja.

Chukueni mfano wa hapa hapa. Paa nunga, swala mdogo wa msituni, anaishi Boni na Dodori, wachache Arabuko-Sokoke, na kisiwani Unguja. Kutoka Ararati mpaka Unguja alipita wapi, bila kuacha hata mmoja wa aina yake Uarabuni wala Ethiopia? Kumbe maelezo ni mepesi. Zama za barafu bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, mkondo wa Zanzibar una kina kidogo, Unguja ilikuwa bara. Paa alitembea kwa miguu, bahari ikapanda nyuma yake.

Picha ya Uturuki ni Durupınar, ilionekana kwenye picha za ndege mwaka 1959. Ni umbo la udongo na mawe lenye ncha mbili, urefu kama mita 160. Wanajiolojia wameeleza ni tope la mlimani lililotiririka likizunguka mwamba. David Fasold, aliyekuwa mmoja wa watetezi wake wakubwa, aliandika mwaka 1996 pamoja na mwanajiolojia Lorence Collins kwamba ni umbo la asili.

---

MwalimuKisomo (Gede)

Naona mmepima habari hii kama ripoti ya mhandisi. Niifungue kama maandishi, maana humo ndimo mna jibu la ilikotoka.

Dada, wape vijana kalamu za rangi mbili. Wapigie mstari rangi moja mahali pa "Mungu" na nyingine mahali pa "BWANA", Mwanzo 6:9 hadi mwisho wa sura ya 8. Sura ya 6 kuanzia mstari wa 9 ni Mungu, na wanyama ni wawili wawili. Sura ya 7:1-5 ni BWANA, na wanyama safi ni saba saba. Sehemu moja ina siku 40, nyingine siku 150. Katika 7:16 majina yote mawili yamo kwenye mstari mmoja. Daktari Mfaransa Jean Astruc alichapisha uchunguzi wa namna hii mwaka 1753, na wasomi wengi tangu hapo wanaona masimulizi mawili yaliyosukwa pamoja kwa heshima, mhariri akakataa kutupa chochote. Anayeandika kumbukumbu za siku kwa siku haachi idadi mbili za wanyama zisimame hivyo.

Halafu kuna vibao vya udongo vya Mesopotamia, nchi ya Iraki ya leo. Mwaka 1872, huko London, George Smith alitangaza kuwa amesoma kibao cha Gilgamesh, utenzi wa kale wa huko, kutoka Ninawi. Humo Utnapishtimu anaambiwa na mungu aunde chombo, aingize wanyama, dhoruba inapiga siku sita na usiku saba, chombo kinakwama mlimani, anatoa njiwa, mbayuwayu, kisha kunguru, na akichinja sadaka miungu inasikia harufu nzuri. Soma Mwanzo 8:21 uone harufu hiyo hiyo. Kisa cha Atrahasi, gharika nyingine ya vibao hivyo, ni cha zamani zaidi, nakala zake ni za karne ya 17 kabla ya Kristo. Waisraeli walikipokea kisa kilichokuwa kinajulikana eneo lote na wakakibadilisha moyo wake: kule miungu inaua watu kwa sababu ya kelele zao, katika Mwanzo Mungu anahukumu dhuluma kisha anaweka agano. Hapo ndipo uzito wa Mwanzo ulipo, na naona ni hasara kubwa kuuacha ili kugombania ndoo na dhiraa.

Je, nyuma ya kisa kulikuwa na maji ya kweli? Naamini yalikuwepo. Shurupaki, mji unaotajwa kuwa wa shujaa wa gharika, una tabaka la mafuriko la karibu mwaka 2900 kabla ya Kristo. Mwanaakiolojia Leonard Woolley alikuta kwenye mji wa Uru mwaka 1929 tope la zaidi ya mita 3, lakini hilo ni la zamani zaidi kwa mamia ya miaka. Yaani mafuriko mengi, miji tofauti, nyakati tofauti. Nchi ile ni tambarare kupita kiasi: Baghdadi iko mita 34 tu juu ya bahari ingawa iko mamia ya kilomita kutoka Ghuba. Mto Furati ukivunja kingo, mtu aliye juu ya paa la mita 10 anaona kilomita 11 kila upande, na zote ni maji. Wanaoishi bonde la Tana wanalielewa hili bila mwalimu. Mwisho wa 2023 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika, na kwenye uwanda ule hukuona mwisho wa maji.

Ila wanaosema "basi ilikuwa gharika ya Iraki tu, kila neno limetimia" wasiharakishe. Maji ya Iraki hutiririka kusini. Chombo kingepelekwa Ghuba, si kaskazini mpaka milima ya Ararati, kwa kupanda. Na agano la upinde linasema maji hayatakuwa tena gharika. Ikiwa maana yake ni mafuriko ya nchi moja, Furati imefurika mara ngapi tangu hapo?

Tarehe nazo hazikubali. Ukijumlisha umri wa mababa katika maandishi ya Kiebrania, ni miaka 1,656 kutoka Adamu hadi gharika. Tafsiri ya kale ya Kiyunani inatoa 2,242. Askofu Ussher alifikia mwaka 2348 kabla ya Kristo. Piramidi kubwa ya Giza ilikuwa imeshakaa miaka 200 hivi, na orodha ya wafalme wa Misri inapita mwaka huo bila kukatika.

---

Mtumishi_K (Kilifi)

Ndugu zangu, mmehesabu ndoo na megajuli mkasahau kuwa ni Mungu. Aliyeumba bahari kwa neno anashindwa kuongeza maji? Bwana Yesu mwenyewe alitaja siku za Nuhu, Mathayo 24. Mkianza kukata sura ya 7, mtaishia wapi?

---

JiwePwani (Malindi)

Mtumishi, swali lako nalichukua kwa uzito wake wote. Muujiza hauwezi kukanushwa kwa hesabu, nakubali. Lakini hapo hapo hoja za makombe, Nyari na maji ya chini ya ardhi zinaanguka, kwa sababu hizo zinadai ushahidi wa kawaida.

Halafu muujiza wa maji peke yake hautoshi. Unahitaji muujiza wa pili wa kufuta nyayo. Barafu ya Antaktika ina matabaka yanayorudi nyuma miaka 800,000. Barafu huelea, gharika ingeling'oa pande lote. Pete za miti ya Ulaya ya kati zimeunganishwa bila pengo zaidi ya miaka 12,000. Chumvi ya Mediterania ipo, matumbawe ya Enewetak yapo. Itabidi useme Mungu alivipanga vyote vionekane kana kwamba gharika haikupita. Mimi siwezi kumsingizia hilo, na waliokataa kumsingizia kabla yangu walikuwa makasisi. Adam Sedgwick, kasisi na mwanajiolojia wa Cambridge, alikuwa akifundisha kuwa changarawe za Ulaya ni za gharika. Mwaka 1831 alisimama mbele ya Jumuiya ya Wanajiolojia ya London akaifuta kauli yake hadharani. Hakuacha ukasisi.

Kuhusu Mathayo 24, Bwana anazungumzia watu waliokuwa wakila na kunywa wasijue. Fundisho lake ni kukesha, na linasimama hata kina cha maji kisipotajwa.

---

BintiSabaki (Malindi)

Nimeelewa. Jumamosi ijayo nitawapeleka Watamu wakaone matumbawe yaliyosimama. Tunaweza kuvunja kipande tukaja nacho darasani?

---

JiwePwani (Malindi)

Hapana dada, msivunje. Eneo la hifadhi ya bahari Malindi na Watamu ni marufuku kuchukua tumbawe, hai au jiwe, na hata kombe tupu. Bebeni rula, kioo cha kukuzia na simu. Kila picha iwe na rula ndani yake, na mshale wa karatasi unaoonyesha juu ni wapi. Hesabuni matumbawe 50 kwenye uso mmoja wa mwamba: mangapi yamesimama, mangapi yamelala, mangapi yamepinduka. Tawi lililovunjika lisihesabiwe pamoja na kichwa kizima, mtachanganya hesabu. Angalieni ratiba ya maji, mfike saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, na muwe mmeondoka chini ya majabali saa moja baada ya maji kugeuka, maana pale yanajaa upesi na njia ya kurudi inafungwa. Viatu vya soli ngumu, jiwe lile linakata.

Mkishamaliza, pita Gede. Kuta za mji ule zimejengwa kwa mawe hayo hayo, na kwenye nyuso zilizokatwa mtayaona matumbawe kwa ndani, kivulini, bila kukimbizana na maji. Tofauti ni kwamba pale mwashi aliyageuza alivyotaka, kwa hiyo juu na chini hazina maana. Hesabu ifanyeni Watamu tu.